Jinsi ya kutafiti chakula cha shule na bustani zake: lifuate gunia

Ukimuuliza mwalimu mkuu, "Je, shule yako hununua chakula kwa wakulima wa hapa?" mara nyingi atakujibu ndiyo, na hatakuwa amekudanganya. Mahindi ameyanunua kwa mfanyabiashara wa hapo hapo kijijini. Ila mfanyabiashara huyo huenda aliyashusha kutoka lori lililotoka mkoa mwingine, na mkulima anayepakana na uwanja wa shule hakuuza hata debe. Dodoso likiishia kwenye ile ndiyo, halmashauri itaamini kuwa shule ni soko la wakulima wake, nao wakulima wataendelea kuuza kwa walanguzi wakati wa mavuno kwa bei ya kutupa.

Mwongozo huu ni wa maofisa kilimo na lishe, wanafunzi wa vyuo na asasi zinazotaka kujua shule za msingi za Tanzania zinapata wapi chakula na bustani zake zinatoa nini. Nitawaelekeza jinsi ya kulifuata gunia tangu lilikolimwa hadi linapoishia jikoni.

Hatua ya 1: Amueni "karibu" ni wapi

Idara ya Kilimo ya Marekani imekuwa ikifanya sensa ya aina hii tangu 2013, na huwaachia wenye shule waeleze wenyewe chakula cha karibu ni cha kutoka wapi. Kwa halmashauri zetu napendelea ngazi zilizopangwa: kata hii, halmashauri hii, mkoa huu, nje ya mkoa. Ukiacha kila mtu ajipimie, shule mbili hazitalinganishika.

Amueni pia nini kinahesabiwa. Elimu bila ada ilipoanza 2016, chakula cha mchana cha shule za kutwa kilibaki kwa wazazi na jamii. Kwa hiyo magunia mengi hayanunuliwi kabisa. Mzazi analeta debe la mahindi aliyoyalima mwenyewe. Mwingine analeta hela na kamati ya shule inakwenda kununua. Sehemu nyingine inatoka shamba la Elimu ya Kujitegemea (EK), yaani shamba la shule yenyewe. Hizo ni njia tatu, na kila moja ipewe swali lake. Dodoso linalouliza ununuzi peke yake linayaacha nje mahindi ya mzazi, ambayo ndiyo ya karibu kuliko yote.

Hatua ya 2: Ruhusa na majira

Pata barua ya mkurugenzi wa halmashauri, kisha wafahamishe maofisa elimu kata na watendaji wa vijiji. Usiende Septemba, wakati wa mtihani wa darasa la saba, wala wiki za upimaji wa darasa la nne.

Majira yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mikoa ya msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma na Singida, stoo ya Agosti na stoo ya Februari ni vitu viwili tofauti. Kama bajeti inaruhusu safari moja tu, nenda Februari au Machi, wakati njaa inauma, halafu tumia leja kurudi nyuma mwezi kwa mwezi.

Hatua ya 3: Chagua shule bila upendeleo

Chukua orodha kamili ya shule za halmashauri. Zigawe kwanza: zinazotoa chakula na zisizotoa, zilizo karibu na barabara kuu na zilizo mbali. Ndani ya kila kundi piga kura kwa vikaratasi. Shule isiyotoa chakula ina haki ya kutembelewa kama nyingine, maana ndiyo itakayokueleza kilichokwama: mavuno, maji, kuni, au wazazi na kamati kutoelewana.

Hatua ya 4: Andika maswali yanayodai kiasi, mahali na mwezi

Acha maswali ya "mnaonaje". Kwa kila aina ya chakula (mahindi, maharage, mchele, mafuta, mboga) uliza:

- Muhula uliopita mliingiza kiasi gani, kwa kipimo gani?
- Kililetwa na nani: mzazi, mkulima, kikundi, duka, au mzabuni?
- Kililimwa wapi? (Weka "hajui" kama jibu halali.)
- Mlilipa bei gani, na mlilipa lini baada ya kupokea?
- Kiliisha mwezi gani?

Swali la malipo usilifute hata dodoso likiwa refu. Mkulima mdogo hawezi kuikopesha shule miezi miwili, na mara nyingi hana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Hapo ndipo duka linapomshinda, hata bei ya mkulima ikiwa nafuu.

Ongeza swali la hifadhi: magunia yamewekwa juu ya mbao au sakafuni? Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ukitaka shule zinunue mahindi ya kijijini, sharti ujue yanakaushwaje na yanakaa wapi.

Lijaribu dodoso kwenye shule ambayo haimo kwenye sampuli. Kwa simu, KoboToolbox, programu ya kujazia madodoso, inafaa sana: inajazwa bila mtandao, unatuma ukifika penye mnara.

Hatua ya 5: Stoo kwanza, ofisi baadaye

Hii ndiyo kazi yenyewe. Beba mizani ya kuning'iniza.

Vipimo vyetu havilingani. Debe la mahindi makavu lina kilo 17 au 18 hivi, lakini lililojazwa kwa kilele ni jingine, na gunia la lumbesa ni jingine kabisa. Ukiandika "gunia 12" bila kupima, umeandika takwimu isiyo na maana. Omba chombo kile kile ambacho shule hupokelea michango, jaza kama wanavyojaza wao, pima mara tatu, andika wastani.

Kisha nenda jikoni. Mpishi anajua mengi ambayo leja haina.

"Shikamoo mama. Leo umepika kilo ngapi?"

"Marahaba. Leo debe moja. Wiki iliyopita nilikuwa naweka nusu, mahindi yalikuwa yanaisha."

Jibu hilo linaeleza kwa nini shule iliyoandika kuwa "inatoa chakula kila siku" ina watoto wanaorudi nyumbani na njaa. Linganisha na leja: tuseme shule hupika kilo 15 kwa siku, siku 20, ni kilo 300. Leja ikionyesha 500 zimetoka, uliza kwa upole. Mara nyingi maelezo yapo: mahindi hupungua yakikobolewa, au mpishi analipwa kwa nafaka. Ukiingia kama mkaguzi, mlango utafungwa, na wa shule inayofuata pia.

Daftari la michango lina majina ya wazazi ambao hawajatoa. Usilipige picha. Chukua jumla tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana, na hata isingekuwepo, mtoto asiaibishwe kwa sababu ya debe.

Hatua ya 6: Bustani

Swali la "mna bustani?" halitoshi, kwa kuwa tuta moja la mchicha mbele ya ofisi nalo ni bustani. Tembea ukapime urefu na upana kwa hatua, au zunguka na simu yenye GPS. Tenganisha bustani ya mboga na shamba la mahindi la EK.

Uliza maji yanatoka wapi, nani anamwagilia Juni na Desemba shule zikifungwa, na mbuzi wanazuiwa na nini. Halafu uliza mboga ya mwisho iliyochumwa ilikwenda wapi: sufuriani, kwa walimu, au sokoni, na kama iliuzwa, hela ilinunua nini. Kuuza si kosa. Shule nyingine hununulia chumvi na mafuta. Ila bustani inayouza yote isihesabiwe kuwa inalisha watoto.

Hatua ya 7: Panga majibu yamfae mkulima

Geuza kila kitu kuwa kilo, kisha tengeneza jedwali moja kwa kila kata: mwezi kushuka chini, aina ya chakula kwenda kulia, na ndani yake kilo zilizohitajika na kilo zilizotoka ndani ya kata. Majibu ya "hajui" yaweke kwenye safu yake, usiyagawe kwa kukisia.

Peleka nakala kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule kabla haijafika wilayani, waisahihishe. Kisha omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Mkulima akisikia shule tatu za kata yake zinatafuta kilo kadhaa za maharage Februari, swali lake la kwanza litakuwa watalipa lini. Liwe na jibu kwenye karatasi yako.