SOMO: Kuchagua baruti ya kujazia risasi za kaliba kubwa

Wakuu, kila wiki naulizwa lilelile: ".375 H&H niijaze baruti gani?" (hiyo ni kaliba ya bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa). Najibu mara ya mwisho, kwa sisi tulioko Marekani ambako kopo la baruti linauzwa dukani.

1. Nunua kitabu cha vipimo vya baruti, toleo jipya. Huna kitabu, usijaze.

2. Pima uzito wa kichwa cha risasi.

3. Linganisha kasi ya baruti kuungua na ganda la risasi. Mtutu ukiwa mpana ukilinganisha na ujazo wa ganda, nafasi hupanuka upesi kichwa kikianza kusogea, hivyo baruti ya polepole haiwahi kuungua vizuri. Ndiyo maana .458 Winchester Magnum hupewa za haraka kiasi, kama H335, na .416 Rigby yenye tumbo kubwa hupewa H4831. Ya .375 iko katikati. Wengi wetu tunatumia 4350. Jedwali la kasi linapanga baruti foleni tu, ya haraka hadi ya polepole, halina vipimo.

4. Kopo MOJA mezani. Hapa niliumbuka. Nilikuwa na H4350 na IMR 4350, zote vijiti vyeusi. Simu ikalia, niliporudi nikamimina mabaki ya moja kwenye kopo la nyingine. Namba ni moja lakini ni baruti mbili tofauti, kila moja ina vipimo vyake. Kwa macho huwezi kuzitenganisha, hata mzee wa kazi hawezi. Nilimwaga kopo zima. Ukiwa na shaka, mwaga. Usinuse, usikisie, usiseme "itakuwa ile ile".

5. Anzia kipimo cha chini cha kitabu, panda kidogo kidogo. Chini ya hapo usishuke kwa kujiamulia: baruti ya polepole ikiwa pungufu inaweza kuleta presha ya ajabu.

MASWALI

— Mkuu taja greni (uzito wa baruti) tu, kitabu ghali.
Jicho ni ghali zaidi. Sitaji.

— Jamaa yangu anatumia kipimo cha juu kwenye .45-70 na hajapata shida.
Bunduki yake ya mwaka gani? Ile ya Springfield ya enzi za 1873 ina jedwali lake, na Ruger ya kisasa ina lake. Soma kabla ya kuniletea habari za jamaa.

— Kaka, nilirekebisha shabaha Agosti, Novemba kwenye baridi risasi zinapiga chini. Baruti au mimi?
Swali zuri, dada. Yaweza kuwa baruti: nyingine hupoteza kasi baridi ikizidi. H4350 na Varget zilitengenezwa zisiyumbe sana na hali ya hewa. Pima kasi ya risasi kwa kronografu (kifaa cha kupimia kasi hiyo) siku ya baridi, kisha linganisha na ya Agosti. Kasi ikiwa ileile, angalia darubini na skrubu zake. Na wakati wa joto usiache risasi kwenye dashibodi.

— Ile uliyomwaga uliipeleka wapi?
Niliitawanya kwenye majani, nyembamba sana, mbali na moto. Ina nitrojeni, kama mbolea.

— Mimi mizani yangu inacheza tu, leo hivi kesho vile.
Una feni ya dari?

— Ninayo.
Izime.