Kabla ya kwenda Bali: kalenda yao kwanza, tiketi baadaye

Wanaoniuliza habari za Bali huanza na bei ya tiketi. Mimi huwauliza kwanza: umeshaangalia kalenda ya kule? Bali ni kisiwa cha Wahindu ndani ya Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani, na ibada ndizo zinazopanga siku za watu wake, barabara zao, hata uwanja wao wa ndege.

Siku ya kuijua kabla ya zote ni Nyepi, mwaka mpya wa kalenda ya Saka, ambao kwa kawaida huangukia mwezi Machi. Tangu saa kumi na mbili alfajiri hadi alfajiri ya pili yake, kisiwa kizima hunyamaza. Moto hauwashwi, kazi hazifanywi, watu hawatoki majumbani. Uwanja wa ndege wa Ngurah Rai hufungwa kwa saa 24, na intaneti ya simu huzimwa. Walinzi wa jadi waitwao pecalang huzunguka mitaani kuhakikisha hakuna anayetembea wala taa inayoonekana nje, na mgeni naye hubaki ndani ya hoteli yake. Kuna wanaoikimbia siku hiyo. Mimi nakusihi usiikimbie. Fika siku mbili tatu mapema, kwa sababu jioni ya kuamkia Nyepi vijana hubeba ogoh-ogoh, masanamu makubwa ya mashetani, wakiyazungusha njia panda kwa kelele za ngoma na matoazi. Kesho yake usiku unatazama nyota juu ya kisiwa cha watu zaidi ya milioni 4 kisicho na taa hata moja barabarani. Nunua chakula na maji siku moja kabla, maana maduka yote hufungwa.

Galungan nayo hurudi kila baada ya siku 210 kwa kalenda yao nyingine, kwa hiyo tarehe zake huhama mwaka hadi mwaka. Siku kumi baadaye hufuata Kuningan. Barabara hupambwa kwa penjor, mianzi mirefu iliyopinda kileleni na kuning'inizwa makuti yaliyosukwa na mazao ya shamba. Uzuri wake ni mkubwa, ila madereva na wafanyakazi wengi huwa wamerudi vijijini kwa wazee wao, basi usafiri uwekeshe mapema.

Kuhusu hali ya hewa, usiende na hesabu za kwetu. Bali iko nyuzi 8 na kitu kusini mwa ikweta, karibu usawa mmoja na Kilwa, lakini kaskazi inapovuma kwetu kukiwa kukavu, kule ndiyo msimu wa mvua: Novemba hadi Machi. Kiangazi chao ni Aprili hadi Oktoba.

Jambo la pili ni mavazi, na hapa sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa sana. Tunajua inavyouma mgeni anapokatiza mbele ya msikiti na kaptula, watu wametoka sala. Hekaluni huingii bila kujifunga kitambaa kiunoni hadi chini, mwanamume kwa mwanamke, na juu yake mshipi wa kitambaa. Mahekalu mengi hukodisha au huazima, lakini kikoi chako au kanga hutosha kabisa, ni vyepesi na hukauka haraka; weka viwili begini. Mabega nayo yafunikwe. Mwanamke aliye hedhini haingii, na aliyefiwa karibuni vilevile. Kibao langoni hueleza hivyo, na hakuna atakayekuhoji. Umeachiwa uaminifu wako. Ua wa ndani kabisa ni wa wanaosali. Usipite mbele yao, usisimame mahali palipo juu kuliko kuhani, na usipande jiwe wala sanamu ili upate picha. Mwaka 2023 gavana alitoa waraka maalumu wa adabu za wageni, baada ya baadhi yao kupiga picha za uchi kwenye miti na milima mitakatifu na kurudishwa makwao.

Chini nako kuna ibada. Canang sari, vikapu vidogo vya majani vyenye maua na udi, huwekwa kila siku mlangoni, njiani, hata kwenye vyombo vya moto. Tazama unapokanyaga. Kutoa na kupokea ni kwa mkono wa kulia, kama ulivyolelewa.

Kama utaoga kwenye chemchemi ya Tirta Empul, hekalu lililoasisiwa mwaka 962, ingia kwa nia ya utulivu na ufuate mpangilio wa mabomba. Mawili kati yake ni ya ibada za wafu na hayaogewi. Lango la hekalu la Lempuyang, linaloonekana kama limesimama juu ya ziwa, halina ziwa lolote: ni kioo kinachowekwa chini ya kamera, na watu hupanga foleni kwa saa nyingi. Muda huo heri uupeleke Besakih, hekalu mama lililo miteremkoni mwa Mlima Agung.

Milima yenyewe ni ya volkano hai. Agung ililipuka mwaka 1963 na kuua zaidi ya watu elfu moja. Novemba 2017 majivu yake yalifunga uwanja wa ndege. Angalia taarifa za tahadhari kabla ya kupanda, na chukua bima ya safari inayolipia ndege kuahirishwa. Mlima Batur, wenye mita 1,717, hupandwa usiku kwa saa mbili hivi ili kuwahi macheo. Kileleni kuna baridi, kwa hiyo beba sweta. Asiyependa kupanda aende Jatiluwih kwenye majaruba ya mpunga. Mfumo wao wa kugawana maji, subak, uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2012. Wakulima hukutana hekaluni kupanga nani apate maji lini, na hilo linatosha kumkalisha mtu siku nzima akitazama mifereji.

Kima wa mji wa Ubud na wa hekalu la Uluwatu hunyang'anya miwani na simu. Kikubwa zaidi ni kichaa cha mbwa, ugonjwa uliopo kisiwani tangu 2008. Zungumza na daktari kuhusu chanjo kabla hujaondoka. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kliniki siku hiyohiyo, hata kikiwa kidogo.

Karatasi: pasipoti iwe na miezi sita mbele, kadi ya homa ya manjano uwe nayo mkononi, na masharti ya viza kwa pasipoti yako uyaulize ubalozi wa Indonesia, Nairobi au Dar es Salaam. Mbali na viza, tangu Februari 2024 kila mgeni hulipa tozo ya rupia 150,000. Ilipe mtandaoni kabla ya kuondoka. Plagi zao ni za pini mbili za mviringo. Usikubali kubeba mzigo wa mtu: sheria ya dawa za kulevya hufika hadi kifo.

Ramani itakudanganya. Kutoka uwanja wa ndege hadi Ubud hakufiki kilomita 45, ila foleni huweza kula saa mbili, kwa hiyo chagua vituo viwili vya kulala, usizunguke kila siku. Pikipiki iendeshe ukiwa na leseni ya kimataifa na kofia ngumu, vinginevyo bima haitakulipa.

Waislamu wajue kwamba nguruwe wa kuchoma, babi guling, ndiye fahari ya meza za kule, na lawar, mboga zilizokatwakatwa, mara nyingi hutiwa nyama hiyo au damu. Tafuta migahawa ya Wajava na ya watu wa Padang, mji wa Sumatra, yenye kibao cha halali; ipo mingi, hasa Denpasar. Ukiwa na shaka, sema tu «tanpa babi», yaani bila nguruwe, nao watakuonyesha chungu kipi ni chako.