Mtoto mwenye mzio mkali wa karanga: hatua za kufuata nyumbani

Hatua ya kwanza ni kukitambua chakula kinachomletea mzio (aleji), badala ya kumnyima mtoto kila kitu kwa hofu. Andikeni katika daftari alichokula, saa aliyokula na saa dalili zilipoanza, kwa kuwa mzio mkali kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Kisha mpelekeeni daktari daftari hilo, naye ndiye atakayeamua kama kipimo cha ngozi au cha damu kinahitajika. Kumwonjesha nyumbani ili kuhakikisha ni hatari.

Hatua ya pili ni kukiepuka chakula hicho, na hapa ndipo sisi wa Kigoma tunapojikwaa. Karanga iliyo kwenye sinia huonekana. Inayotuponyoka ni ile iliyomo katika unga wa uji wa lishe, iliyotiwa kwenye kisamvu, au iliyobaki ndani ya mashine ya kusaga baada ya mteja aliyetangulia. Mimi nilipuuza habari ya mashine hadi mwanangu alipovimba midomo kwa uji wa mahindi matupu, na tangu siku hiyo natwanga kwa kinu kisichowahi kutiwa karanga. Kwa mwenye mzio wa samaki, hata mvuke wa dagaa wanaochemshwa unaweza kuamsha dalili, basi asikae jikoni.

Hatua ya tatu ni dharura. Mtoto akianza kupumua kwa mlio, sauti ikikauka, akitapika mfululizo au akilegea, mlazeni chali miguu ikiwa juu (anayehema kwa shida aachwe akae, anayetapika alazwe ubavu) na mumkimbize hospitali. Dawa yake ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, kwa kipimo cha miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, na huweza kurudiwa baada ya dakika 5. Kama daktari amewapa kalamu ya adrenalini (sindano iliyojazwa dawa tayari), ichomeni kabla ya kutafuta usafiri. Piritoni hutuliza muwasho. Koo lililovimba hailifungui. Akipata nafuu asirudishwe nyumbani haraka, kwa kuwa dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Maswali ya wazazi

Mama wa Ujiji: Je, ipo dawa ya kuuondoa kabisa?

Hapana, mama. Marekani iliidhinisha mwaka 2020 tiba ya unga wa karanga unaoongezwa kidogo kidogo, na mwaka 2024 sindano ya omalizumabu. Zote hupunguza ukali wa dalili mtoto akila karanga kwa bahati mbaya. Hazimruhusu mtoto kula karanga apendavyo. Tiba ya unga husimamiwa na daktari, hivyo msiiige nyumbani.

Baba wa Kasulu: Wangu ana mzio wa maziwa. Atakua nao?

Wengi huuacha wanapokua. Wa karanga huwaacha takribani mtoto mmoja kati ya watano, na wa samaki mara nyingi hubaki.

Mama wa Mwanga: Mdogo wake mchanga nimnyime karanga pia?

Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto walioanzishiwa karanga mapema walipata mzio huo kwa uchache zaidi. Muulize daktari kwanza, na kumbuka kuwa kijiko cha mdogo kinaweza kumfikia mkubwa.