Kabla ya kuchomwa sindano ya kupima misuli inayochoka: mambo ya kuzingatia

Kope inayoshuka kila jioni, sauti inayofifia katikati ya mazungumzo, taya linalochoka kabla chakula hakijaisha: hizo ni dalili zinazomfanya daktari ashuku miasthenia gravis. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia pale neva inapokutana na msuli. Mwaka 1934 Dk Mary Walker, akiwa Greenwich, London, alionyesha kwamba sindano inayozuia asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kuuamuru msuli ujikaze, isivunjwe haraka humrudishia mgonjwa nguvu kwa muda. Kipimo kikazaliwa hapo. Edrofoni, dawa ya aina hiyo iliyo maarufu kwa jina la Tensilon, ilitumika miaka mingi lakini sasa ni adimu. Kwetu uwezekano mkubwa ni neostigmini, nayo ya aina hiyo, ambayo wataalamu wa usingizi wanayo tayari kwenye chumba cha upasuaji.

Ukiambiwa utachomwa, swali la kwanza liwe: atropini ipo? Neostigmini haichagui msuli wa kope peke yake. Inagusa moyo, mapafu na utumbo pia, hivyo mapigo yanaweza kushuka mno na njia za hewa zikabana. Atropini ndiyo inayozima athari hizo. Iwe imeshavutwa kwenye bomba, pembeni ya kitanda, na oksijeni na mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa viwe karibu, huku mapigo ya moyo yakifuatiliwa kwenye mashine. Ukijibiwa kwamba iko famasi, omba iletwe kwanza. Usione haya, daktari makini hatakasirika.

Kisha sema yako yote, hata unayoyaona madogo. Una pumu? Uliwahi kuzimia, au kuambiwa moyo wako unapiga polepole? Unatumia atenololi, propranololi, digoksini, au matone ya timololi kwa presha ya macho? Matone haya husahaulika sana, kwa kuwa watu hawayahesabu kama dawa, kumbe nayo hupunguza mapigo. Mwenye utumbo ulioziba, au mkojo uliozuiwa na tezi dume, hafai kuchomwa. Mjamzito aseme. Anayetumia tayari piridostigmini, yaani vidonge vya kutibu ugonjwa huu, amuulize daktari dozi ya mwisho ainywe saa ngapi, asiiache kwa uamuzi wake. Na ambaye tayari anahema kwa shida anahitaji kulazwa na kusaidiwa kupumua, kipimo kitasubiri.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kuchagua kitakachopimwa. Mgonjwa akisema tu "najisikia nafuu" baada ya sindano, hilo si jibu, maana hata sindano ya maji ya chumvi huwapa wengine nafuu. Kinatakiwa kitu kinachoonekana: kope iliyoshuka, jicho lisilogeuka upande mmoja, au sekunde ambazo mkono unaweza kubaki umenyooshwa. Kipimwe kabla na baada, kwa rula au kwa picha. Wewe nyumbani rekodi video kwa simu asubuhi na jioni, kwa kuwa dalili hizi zina tabia ya kujificha mbele ya daktari. Siku ya kipimo usipake wanja: utatoka machozi, na ukingo wa kope unatakiwa uonekane vizuri.

Nenda chooni kabla. Ikichomwa kwenye msuli, neostigmini huchukua kama dakika 15 hadi 30 kuonyesha kazi yake, na mate, jasho, tumbo kunyonga na haja ya ghafla huja pamoja nayo. Jicho likianza kucheza, usitafute mgeni wala msiba; ni dawa. Kifua kubana, kizunguzungu au giza machoni, sema papo hapo. Usiondoke mapema, na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Kwa mtoto, dozi hupigwa kwa uzito wake.

Mwenye pumu au moyo dhaifu ana njia nyingine. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa huwekwa juu ya kope iliyofumbwa kwa dakika 2 hadi 5. Kope ikipanda milimita 2 au zaidi, shaka ya ugonjwa inaongezeka. Barafu lakini husaidia kuchunguza kope tu. Aliyelegea mikono au koo apelekwe kwenye kipimo cha damu cha kingamwili, au cha umeme wa neva na misuli.