Bolti ya sospensheni ya mbele imeharibika thredi? Jaribu hii kwanza

Nimefunzwa hii na fundi mmoja hapa Kisumu tukifungua lowa arm (mikono ya chini ya sospensheni inayoshika gurudumu) za gari kubwa ya kulala ndani, bolti ilikuwa imegongwa nyundo mpaka thredi za mwisho zikalala. Chukua nati ngumu ya saizi hiyo hiyo, na thredi ziwe sawa pia, kwa sababu bolti ya M12 (upana milimita 12) nafasi kati ya thredi inaweza kuwa milimita 1.25, 1.5 ama 1.75, halafu na msumeno wa chuma kata mifereji mitatu ndani yake, ikipita kwa thredi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Piga ncha ya bolti faili kidogo, weka oili, zungusha nusu mbele robo nyuma, polepole. Ile kingo ya mfereji ndio inakata uchafu na kuinua thredi, na vumbi la chuma linaingia kwa mfereji badala ya kukwama. Lakini kama bolti imevutika ikawa nyembamba katikati, imepinda, ama thredi zimeisha kabisa, tafadhali usiokoe, na usichomelee, hiyo ni bolti inashika gurudumu. Nunua mpya yenye namba ile ile ya nguvu kichwani, kama ni 10.9 usiweke 8.8 ambayo ni dhaifu. Kukaza ya mwisho fanya gari ikiwa imekaa chini, ndio bushi (mipira ya lowa arm) zisijipinde.