Mwenzi anapoficha mali: wakili wa kumtafuta ukiwa Uingereza

Ndoa ikianza kuvunjika, wengi huulizana nani anamjua wakili mkali. Kwa anayehisi mwenzake anahamisha pesa, ukali peke yake ni gharama tu. Mtafute wakili anayejua kuchimba makaratasi. Utamtambua siku ya kwanza: atakuuliza kwa kina habari za akaunti, kampuni, pensheni na viwanja kabla ya kukuahidi chochote.

Sheria ya England na Wales iko upande wa anayetaka ukweli. Shauri la mgawanyo wa mali likifunguliwa mahakamani, kila mmoja hujaza Fomu E, akitaja mali yake yote popote duniani, akiambatisha taarifa za benki za miezi 12 na kutia saini kwamba amesema kweli. Kiwanja kilichoko Kenya au Tanzania nacho kimo, hata kama kimeandikwa jina la kaka yake ilhali mwenye mali ni yeye. Kwa hiyo muulize wakili: umewahi kushika kesi yenye mali nje ya nchi? Fomu ikirudi na mapengo, utafanya nini? Ni wakati gani utaomba amri ya zuio, ya kumzuia kuhamisha mali, chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Masuala ya Ndoa ya 1973? Na ni lini mhasibu wa uchunguzi atagharimu zaidi kuliko mali yenyewe inayotafutwa? Hilo la mwisho nalithamini kuliko yote, kwa sababu wakili mwaminifu hulijibu bila kuzunguka.

Majina utayapata kwenye orodha ya Law Society, chama cha mawakili. Leseni ihakikishe kwa SRA, mamlaka inayosimamia mawakili. Msaada wa kisheria wa serikali kwa kesi hizi ulipunguzwa sana mwaka 2013, lakini aliyenyanyaswa na mwenzi wake, akiwa na ushahidi na kipato kidogo, bado anaweza kuupata. Kama pesa zote anazishika mwenzio, uliza kuhusu amri ya mahakama ya kumtaka achangie ada za wakili wako.

Tafadhali usifungue barua pepe wala simu yake kutafuta ushahidi. Tangu hukumu ya Imerman ya 2010, nyaraka za siri zilizochukuliwa hivyo zinaweza kukugeukia. Kusanya zilizo zako: akaunti ya pamoja, barua za mkopo wa nyumba, risiti za pesa mlizotuma nyumbani. Rekodi za kampuni zilizoko Companies House, msajili wa kampuni wa Uingereza, ni bure kwa yeyote.

Kwa mali iliyoko nchi ya kwenu tafuta wakili wa pili, wa huko huko, maana amri ya London haibadilishi yenyewe daftari la ardhi la nchi nyingine. Usingoje talaka ikamilike. Tanzania, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi wakati ndoa ingali hai, na kinakuruhusu kuweka zuio kwenye daftari.

Na ikiwa mlishamalizana, kisha ukagundua ulidanganywa, rudi kwa wakili mara moja. Mwaka 2015, katika kesi za Sharland na Gohil, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wake wawili kufungua upya madai yao kwa sababu waume zao walificha ukweli.