Jinsi ya kumpasha mgonjwa joto kabla hajaingia thieta

Hii naandikia manesi wenzangu wa wodini na wale wa mapokezi ya thieta, lakini hata kama wewe ni jamaa wa mgonjwa soma tu, kuna kazi yako hapa pia.

Watu wakiskia mgonjwa alipoa sana akipasuliwa wanalaumu kiyoyozi. Sawa, kina makosa yake. Lakini ule mshuko mkubwa wa mwanzo unaletwa zaidi na dawa ya usingizi yenyewe. Mtu akiwa macho mwili unaficha joto ndani, kifuani, tumboni na kichwani, kama digrii 37 hivi, na mikono na miguu inaachwa ipoe, mishipa ya huko imejibana. Ukimpa nusukaputi ile mishipa inafunguka, damu moto inashuka miguuni inakutana na nyama baridi halafu inarudi ndani ikiwa imepoa. Ni kama kumwaga maziwa baridi kwa chai moto, sufuria haijapoteza kitu lakini chai imeshapoa. Ndani ya saa ya kwanza mtu anaweza kushuka digrii 1 hadi 1.5, sasa kama ulimleta na 36.2 hesabu unaijua mwenyewe. Sindano ya mgongo nayo inafungua mishipa ya chini hivohivo, kwa hivo mama wa sizeria asisahaulike juu ati ako macho na anaongea.

Tunataka asishuke chini ya 36. Akishuka damu inachelewa kuganda, dawa zinakaa mwilini zaidi, moyo unasumbuka hasa kwa wazee, na kidonda kinashika usaha kwa urahisi. Kuna utafiti wa 1996 uliofuata watu 200 waliopasuliwa utumbo mpana, wale walioachwa wapoe karibu 19 kwa kila 100 walipata maambukizi ya kidonda, waliopashwa joto ni 6 tu. Kwa blanketi na hewa ya moto, si dawa mpya ya bei ghali.

Kazi inaanzia wodini asubuhi, na hapa ndo tunaharibu. Julai Nairobi saa kumi na moja asubuhi kunakuwa na baridi ya kweli, mgonjwa hajala tangu jana, anaambiwa aoge, maji moto yameisha, anaoga ya baridi, anavalishwa ile gauni iliyo wazi mgongoni, anawekwa kwa wilicheya na kusukumwa kwa korido ya wazi mpaka thieta nywele bado zimelowa. Huyo ameshapoa kabla hata ya kuonana na mtu wa nusukaputi. Kwa hivo mtafutie maji ya uvuguvugu, mkaushe vizuri pamoja na nywele, mvalishe soksi na kofia ya sufu, mfunike blanketi kutoka wodini na blanketi iende naye. Jamaa, hapa ndo mnaingia: leteni soksi nzito, kofia na leso mbili safi, na msichukue blanketi ya mgonjwa mkaikalia kwa benchi.

Mpime kabla hajatoka wodini. Ile bunduki ya paji la uso ya enzi za korona usiitegemee, mtu akitoka kwa baridi inakudanganya, weka themomita chini ya ulimi na usubiri. Ikisoma chini ya 36 anza kumpasha hapohapo, na kama si ya dharura asiingie mpaka ifike. Ya dharura haisubiri, hiyo mnapasha huku mkienda. Na usimuulize tu kama anaskia baridi. Atakujibu "hapana sista, niko sawa" huku meno yanagongana, wengine wanadhani wanatetemeka kwa uoga. Shika mguu wake.

Sasa kupasha kwenyewe. Kama mko na mashine ya kupuliza hewa ya moto, iwashe akiwa bado anasubiri, nusu saa kabla ya dawa ndo nzuri, lakini hata dakika 10 ni afadhali kuliko bure. Muda uko, si huwa anakaa hapo anaangalia dari tu? Tumia blanketi maalum ya hiyo mashine, usiwahi kuingiza ule mpira wa kupitisha hewa peke yake chini ya shuka, hewa inapiga sehemu moja na inachoma ngozi. Akianza kutokwa jasho punguza, ngozi ikilowa inapoa tena. Na mwenye homa tangu mwanzo hapashwi, mwambie daktari.

Kama mashine hakuna, funika mapema na funika kila kitu, mabega na miguu pia. Blanketi moja inapunguza joto linalotoka kwa ngozi kama asilimia 30, ya pili na ya tatu zinaongeza kidogo tu, kwa hivo usirundike tano tumboni ukaacha miguu nje. Ila ujue blanketi inazuia tu, haiongezi joto, ndo maana mashine ikiwepo usiiache kwa kona imefunikwa vumbi.

Chupa za maji moto na dripu zilizochemshwa ukaziweka kwapani, wacha kabisa. Aliyelala hawezi kukwambia anaungua, mwenye kisukari hata akiwa macho anaweza asiskie. Dripu pia usitie kwa maikrowevu, inapata moto sehemu moja na nyingine inabaki baridi. Kama ataongezewa nusu lita au zaidi, ipitishwe kwa mashine yake ya kupasha, ifike digrii 37.

Ndani ya thieta ombeni chumba kisiwe chini ya 21 mpaka mgonjwa afunikwe na apashwe, daktari mpasuaji atalalamika anaskia joto na gauni zake, atavumilia. Joto lipimwe kila dakika 30 na liandikwe. Akifika rikavari, kile chumba cha kuamkia, lipimwe kila dakika 15, na mtu wa wodi akija kumchukua mwambie angoje kama bado hajafika 36.